Babu zetu walikaa wapi? Tuwaulize wazee kabla hawajaondoka



Vijana wetu siku hizi wanatafuta habari za ukoo kwenye intaneti. Wanaandika "Bujumbura" na hawapati kitu. Sababu moja ni kwamba babu zao waliishi Usumbura. Jina hilo ndilo lililo kwenye ramani za Wajerumani na Wabelgiji, mpaka uhuru wa 1962. Nchi nayo iliandikwa Ruanda-Urundi.

Hata majina ya karibuni yanachanganya. Buyenzi ilikuwa komini, kisha mwaka 2014 komini za mji zikaunganishwa, ikaingia Mukaza. Nyumba ni ile ile, karatasi zinasema mambo mawili.

Ramani ya mji wa zamani inafundisha mengi. Inaonyesha jinsi wakoloni walivyowatenga watu: Wazungu kwao, Wahindi na Waarabu kwenye kartie Asiatique, Waafrika Buyenzi na Bwiza. Inaonyesha avenyu za namba na viwanja vyake. Lakini haisemi kwamba bibi alitoka Ujiji, Uvira au Maniema, wala nani alimlea yatima wa jirani. Hayo wanayo wazee. Na tukumbuke kwamba wengi walikimbia mwaka 1972 na 1993, wakaacha nyumba na karatasi zao.

Wapo wanaosema tuyaache, kwa kuwa katika nchi hii swali la asili limewahi kumwaga damu. Hofu hiyo tunaielewa. Ndiyo maana tunashauri swali letu lisiwe "babu alikuwa kabila gani?" Tuulize: alikaa avenyu ya ngapi? Majirani zake walikuwa nani? Alisali msikiti gani? Nani walimzika? Majibu ya maswali hayo yatatukutanisha na watu wa kila asili, maana ndivyo Buyenzi ilivyoishi.

Hatutafuti ukoo ili tujigambe, wala ili tugombee viwanja. Dini imetuamrisha kuunga udugu, na huwezi kuunga udugu na mtu usiyemjua.

Basi Ijumaa hii, baada ya sala, kila familia imkalishe mzee wake pamoja na watoto. Watoto wachore avenyu, mzee ataje nyumba moja moja, na kila jina liandikwe kwenye daftari. Ramani itasubiri. Mzee hana ahadi ya kesho.

Wabillahi tawfiq.