GARI LISHONWE KWA KIPIMO CHETU

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mimi nilidhani methali hii ni ya nguo tu, kumbe hata magari!

Babu yangu alikuwa dereva wa "Pijo", yaani Peugeot 504, kati ya Kisumu na Nairobi. Gari hilo lilitokea Ufaransa mwaka wa 1968. Saluni yake ilikuwa laini, kila gurudumu la nyuma likijitegemea. Lakini steshenwagoni aliyoendesha babu ilikuwa ndefu zaidi, viti safu tatu, na nyuma ekseli moja ngumu yenye springi nne. Baadaye ikaja pikapu ya kubeba zaidi ya tani moja. Zetu zilikuwa na usukani kulia. Zile zilizounganishwa Kaduna, Nigeria, kushoto. Ushindi wa Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978 ukaziongezea sifa. Ufaransa iliacha kuunda saluni mwaka wa 1983, lakini Kenya iliendelea kuunganisha 504 mpaka 2004. Kwa nini? Kwa sababu sisi wanunuzi bado tulizitaka. Mnunuzi ana sauti!

Sasa simama asubuhi pale njia panda ya Kisian, barabara za Busia na Bondo zinapoachana. Utaona magari madogo ya mitumba kutoka Japani, viti vitano, abiria tisa, wawili wamekunjwa kwenye buti pamoja na mabegi. Mimi ni mmoja wao. Mwaka jana springi ilikatika tukaingia mtaroni, na rafiki yangu akavunjika mkono. Dereva alikosa, sikatai. Lakini gari lile halikuundwa kwa kazi ile.

Wengine watasema, "Wacha wee, maskini hachagui." Mbona basi serikali yetu imekataza kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8? Hiyo si kuchagua? Ikiwa tunaweza kuuliza umri wa gari, tuulize pia springi zake na viti vyake kabla halijapewa kibali cha kubeba abiria.

Walimu na wanafunzi wenzangu, hayo ndiyo maoni yangu. Fundi hushona kwa kipimo cha mteja anayesema. Mteja akinyamaza, atavaa ya mwenzake, na siku moja itapasuka njiani.