Dadu Isitangulie Mdomo

Hii ni ndefu kidogo, lakini tunaomba muisome mpaka mwisho kabla ya kura ya Jumapili.

Mnakijua kile kisanduku tulicholetewa na shirika moja, jina tunaliacha. Ni mchezo wa mezani. Kila mtu anapewa kadi ya mhusika: jina, umri, familia, kijiji alichokimbia. Halafu unarusha dadu, na namba iliyotokea inasomwa kwenye kitabu. Mbili, umeibiwa. Tatu, mpaka umefungwa, rudi mwanzo. Moja, mtoto wako amefariki njiani. Sita peke yake ndiyo inakuvusha.

Tulikijaribu Tororo, sisi tunaojitolea kambini Kiryandongo pamoja na wenzetu wa Tororo na wa Busia, pande zote mbili. Dada mmoja akapata moja. Mwongozaji akamsomea kama ilivyoandikwa. Dada akaweka kadi chini, akatoka nje, hakurudi. Wanaomjua wanajua kwa nini. Mwongozaji akauliza, “Nani anafuata?” maana kitabu kinasema zamu isisimame. Na huyo mwongozaji ni mmoja wetu, hatumlaumu. Alikuwa anafuata sheria aliyopewa.

Sasa kuna watu kwenye kundi wanasema, “Ah, si ni mchezo tu, kwani kuna nini?” Sisi tunakataa. Sheria ya mchezo ni maoni ya mtu kuhusu watu. Aliyeandika kitabu kile ameshaamua mkimbizi ni nani: ni mtu wa kutokewa na mambo, yeye mwenyewe hafanyi kitu. Halafu anatuletea tuyacheze maoni yake kwa mikono yetu wenyewe, na mbele ya wenyeji wetu, tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani.

Tuanze na michezo ambayo kila mtu hapa anaijua. Nyoka na ngazi: unarusha, unasogea, basi. Hata mtoto aliyelala anaweza kushinda mkimrushia. Ludo iko juu kidogo: dadu inakupa namba, lakini wewe unachagua kete gani itembee, utoe mpya nyumbani au umfukuze mwenzako. Omweso wa Uganda na bao la pwani hazina dadu kabisa. Mashimo 32, kete 64, kila kitu kiko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Na kwenye bao hata ukikosa mtaji, yaani huna namna ya kula kete za mwenzako, bado unatakata: unachagua shimo, unasambaza kete zako, unajipanga kwa zamu ijayo. Aliyebanwa bado ana uamuzi wake.

Hii michezo ya kuvaa mhusika mezani nayo haikuanza jana. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mambo yake ni ya mazimwi na wachawi, hayatuhusu sana. Lakini angalieni mpangilio. Kwanza mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini: naongea na mlinzi, napita nyuma ya ukuta, nangoja usiku. Kama haijulikani jambo litafaulu au la, ndipo dadu inarushwa. Mdomo kwanza, dadu baadaye. Kisanduku chetu kimegeuza: dadu kwanza, halafu unaambiwa yaliyokupata. Ati ni mchezo wa kuigiza, kumbe ni nyoka na ngazi iliyopewa majina ya watu.

Na huo mpaka wenyewe hauendi hivyo. Neno bodaboda lilizaliwa hapa Busia, miaka ya 1960. Kati ya ofisi ya Uganda na ofisi ya Kenya kulikuwa na kipande cha njia ambacho si kila gari lilikuwa na karatasi za kukipita. Vijana wakaleta baiskeli, wakawa wanaita abiria “boda, boda”, yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Hakuna dadu iliyowapa kazi hiyo. Waliona sheria, wakaona pengo, wakaamua. Tangu Februari 2018 Busia iko na kituo cha pamoja, unamalizana na ofisi zote mbili upande ule unaoingia. Bado ukisimama pale asubuhi utaona akina mama wa nyanya na samaki wakipanga: leo nibebe kiasi gani, nivuke na nani, niongee lugha gani. Mwenye Kiteso ana watu huku na kule. Mwenye Kisamia vilevile.

Wako kati yetu ambao wazazi wao ni wale Wakenya waliokimbia fujo za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Walivukia Busia na Malaba, wakakaa kambi ya muda ya Mulanda, wilaya hii ya Tororo, ndipo wakapelekwa Kiryandongo. Sisi tulikuwa watoto wadogo wa kubebwa. Waulizeni wazee. Hakuna atakayewaambia, “Nilipata sita.” Watawaambia tuliuza mbuzi wawili, wa tatu tukamwachia jirani. Tulimfuata dereva aliyemjua mjomba. Mama alikataa kulala stendi, akasema twende usiku huu huu. Hasara zilikuwepo, msiba ulikuwepo, lakini kila hatua kulikuwa na mtu aliyekuwa anafikiri. Huyo mtu kisanduku kimemfuta.

Tuseme ukweli, michezo ya namna hii haikuanza kwa nia mbaya. Mwaka 1995 UNHCR ilitoa mchezo unaoitwa Passages, ili watu ambao hawajawahi kukimbia waonje kidogo ilivyo kukimbia. Huko Davos, Uswisi, kwenye mkutano wa matajiri na wakubwa wa dunia, Crossroads Foundation ya Hong Kong imeendesha igizo la maisha ya mkimbizi, watu wa suti wanafokewa na askari wa kuigiza. Mtu ambaye maisha yake yote ameamua mwenyewe, saa moja ya kunyimwa uamuzi huenda ikamfundisha kitu. Sawa, wacheze. Lakini sisi kunyimwa uamuzi hatuhitaji kufundishwa na kadi. Tumepanga foleni za kutosha. Dawa iliyotengenezewa mgonjwa mmoja usimnyweshe kila mtu mlangoni.

Kuna hoja ya pili, na hii ina uzito. Baadhi yenu mlisema, “Maisha yenyewe ni bahati. Mbona fulani alivuka na ndugu yake hakuvuka, na walitoka nyumba moja? Mkiondoa bahati mnadanganya.” Hapo mko sahihi, na ndiyo sababu hatuondoi dadu. Tunaihamisha tu. Hizi hapa sheria zetu, tumezijaribu mara mbili Busia chini ya mwembe, kwa vizibo vya soda na dadu mbili za ludo.

Ya kwanza. Unasema kwanza unafanya nini. Mwongozaji haruhusiwi kugusa dadu kabla hujasema, wala kukubadilishia ulichosema.

Ya pili. Unarusha dadu mbili, na ili ufaulu unahitaji jumla ya 9 au zaidi. Hiyo ni ngumu: dadu mbili zina njia 36 za kuanguka, na ni 10 tu zinazofika 9. Lakini kila mhusika anaanza na vitu vitatu: lugha moja ya ziada, ufundi mmoja, na mtu mmoja anayemjua njiani. Ukieleza vizuri jinsi kitu hicho kinavyokusaidia, unaongeza 1. Ukitumia vyote vitatu, inatosha kupata 6, na njia zinazofika 6 ni 26 kati ya 36. Oneni sasa. Kutoka 10 mpaka 26, na tofauti yote imetoka kwa yale uliyonayo kichwani na mkononi. Ila bado kuna njia 10 za kushindwa hata ukifanya kila kitu sawa. Bahati tumeiachia nafasi yake, hatukuipa usukani.

Ya tatu. Hakuna mhusika anayekufa, wala wa familia yake, mpaka mchezaji mwenyewe akubali. Na kadi moja yenye alama ya X inalala katikati ya meza. Hiyo hatukuibuni sisi, ni ya Mmarekani John Stavropoulos. Mtu akiigusa, tukio lile linaachwa, mchezo unaendelea kwingine, na hakuna anayemwuliza kwa nini. Kama ingekuwepo siku ile Tororo, dada yetu angenyoosha kidole tu. Asingelazimika kutoka nje mbele ya watu wote.

Ya nne, na hii ndiyo wenzetu wa Busia waliipenda zaidi. Hakuna anayekaa na kadi ya mkimbizi mchezo mzima. Kila baada ya mizunguko mitatu, anayekimbia anakuwa mwenyeji na mwenyeji anakuwa anayekimbia. Kisanduku kina kadi za mkimbizi na kadi za mwenyeji, na ukipewa moja unakufa nayo. Lakini mpaka huu haujawahi kuwa hivyo. Wakati wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, Waganda walikuwa wanakimbilia Kenya. Mwaka 2008 Wakenya wakalala Mulanda. Mwenye nyumba wa jana ndiye mgeni wa leo, na meza yetu iseme hivyo.

Mara ya pili tulipojaribu, kijana mmoja wa Busia upande wa Kenya, hajawahi kulala nje ya kwao, kadi zikageuka akawa yeye anayekimbia. Ana ufundi wa kushona viatu, anajua Kiluo, mtu anayemjua yuko mbali bado. Akakaa kimya kidogo, akauliza, “Sasa huku naanza na nani?” Meza nzima ikaanza kumjibu, kila mtu na yake. Swali hilo haliko kwenye kitabu cha kisanduku. Haliwezi kuwepo, kwa sababu huko hakuna mtu anayeanza kitu.

Hoja ya mwisho ni ya wale wanaosema, “Nyinyi ni nani mtunge sheria? Kisanduku kimetengenezwa na wataalamu.” Lual Mayen, Msudani Kusini, alikulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alijinyima miaka mitatu akamnunulia kompyuta. Akajifunza mwenyewe, akatengeneza mchezo wa kompyuta unaoitwa Salaam, na pia mchezo wa mezani unaoitwa Wahda, na mwaka 2018 akatunzwa kwenye The Game Awards huko Marekani. Hatusemi sisi ni yeye. Tunasema sheria zinaandikwa na watu, na watu hao wanaweza kutoka kambini.

Tunajua pia jambo ambalo hakuna anayetaka kulisema, kwa hiyo tulisema sisi. Tukicheza kisanduku tarehe 20, kuna nauli, fulana na soda. Tukicheza cha kwetu, hakuna. Nauli ya kutoka Kiryandongo mpaka Tororo si kitu kidogo, na wengine mnaitegemea. Tumepiga hesabu: tukichanga na tukipunguza watu wa kusafiri, inawezekana, ila chakula kitakuwa posho na maharagwe. Pia tutawaandikia wale wa shirika kwa heshima, tuwaambie kilichotokea Tororo na tuwaombe waje wacheze cha kwetu. Wakikubali kutoa nauli kwa hilo, asante. Wakikataa, tumejua soda ile ilikuwa ya kununua nini.

Dada yetu hatujamwuliza kama atacheza tena, na hatutamwuliza mbele za watu. Akija, akute kadi ya X iko mezani na hakuna anayemwangalia.

Kura ni Jumapili saa nane mchana. Ambao hawatafika wajibu hapa hapa kwa neno moja: kisanduku, au vizibo. Sisi ni vizibo. Na mwenye dadu za ludo zisizotumika nyumbani azilete, tunahitaji seti nane.