Bashege Hawamalizwi kwa Lori la Polisi

Simu ikichomolewa pale Poste, hata kabla mwizi hajajulikana utasikia: "Ni bashege! Polisi iwasombe, mji upumue." Wengi wetu Lubumbashi tunaamini kwamba bashege, yaani watoto wa mitaani, wamejaa barabarani kwa sababu sheria imelegea na mapadri wa kituo cha Bakanja kinachowapokea wamezidisha huruma. Si kweli.

Kinshasa walishajaribu ubabe huo. Novemba 2013 polisi walianzisha Operesheni Likofi dhidi ya kuluna, magenge ya vijana wahalifu. Human Rights Watch ilihesabu vijana na watoto wasiopungua 51 waliouawa. Mwaka 2020 serikali ilikuwa bado inakamata kuluna, safari hii ikiwapeleka kambi ya huduma ya taifa ya Kaniama-Kasese.

Mnaodai sheria, isomeni. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu mtoto aliyefukuzwa kwao, anayezurura au kuombaomba, kuwa mtu wa kulindwa. Aliye chini ya miaka 14 hahesabiwi hatia kabisa. Wa kufungwa ni mwingine: kifungu cha 160 kinampa mwaka 1 hadi 3, na faini juu yake, anayemsingizia mtoto uchawi.

Sasa niambieni, ni wapasta wangapi mnaowajua waliolala gereza la Kasapa kwa kosa hilo? Chanzo ni njaa, si sheria kulegea: kampuni ya madini ya Gécamines ilipowaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 miaka ya 2003 na 2004, mishahara ilikauka nyumbani, na penye njaa mulozi, yaani mchawi, hatafutwi mbali. Mama wa kambo anaota vibaya, mpasta "anaona", mtoto ananyimwa bukari, kisha anatupwa nje. Jioni yuko soko la Kenya akiosha sahani za mama muuza chakula apate makombo. Usiku wa Juni, baridi ikiuma, analala juu ya makartoni kwenye baraza la duka. Polisi wanamkuta hapo, na sisi ndipo tunapokumbuka kwamba nchi ina sheria.

Na aliyeiba kweli? Afikishwe mahakama ya watoto, kwa kosa lake mwenyewe. Kusomba kundi zima kwa sababu ya mmoja ni uvivu wa upelelezi, wala si ukali.

Meya na mkuu wa polisi wakitaka kuonyesha mkono wa chuma, hawana haja ya kuvizia barazani usiku. Makanisa ya wapasta hao yana vibao barabarani, na saa za maombi zimeandikwa. Waanzie huko.