Picha Moja, Warithi Wanne



Mirathi ya nyumba na shamba si ngumu kama watu wadhaniavyo, kwa kuwa mafungu yake yamekwishapangwa na sheria. Kilichotushinda hivi karibuni katika kamati yetu ya msikiti ni karatasi moja. Mzee wa mtaani kwetu, Allah amrehemu, aliacha mjane, kijana mmoja na mabinti wawili. Mali iligawanywa kwa kikao kimoja. Ikabaki picha aliyoipiga marehemu mwenyewe: mwembe uliopandwa na babu yao, umesimama peke yake penye mwanga wa asubuhi. Mwembe wenyewe ulikwishakatwa. Kila mmoja akaitaka picha ile, hata ndugu wawili wa kike wakanuniana.

Aliyetuonyesha njia ni mama mmoja mfinyanzi, mwenye tanuri ya umeme. "Ileteni, wanangu," akasema. "Haitaguswa na moto, tutainakili tu."

Picha ikaingizwa kwenye kompyuta, ikafanywa nyeusi na nyeupe, kisha ikapunguzwa ienee kidani. Mti uliosimama mbele ya mbingu nyeupe hufaa sana. Picha yenye mambo mengi hupotea katika kigae kidogo. Udongo ukasukumwa kama chapati, ukakatwa mviringo, na tundu la mkufu likatobolewa ungali mbichi, kubwa kidogo kuliko linavyohitajiwa, kwani udongo hunywea ukikauka na ukichomwa. Baada ya moto wa kwanza, vigae vikapakwa unga wa kioo uliokorogwa kwa maji, vikachomwa tena hata vikang'aa.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Wino wa unga wa baadhi ya printa za leza una chembe za chuma. Picha huchapwa kwa wino huo juu ya karatasi maalumu ambayo, ikilowekwa majini, huachia utando mwembamba. Utando ule ukatelezeshwa juu ya kigae, mapovu yakasukumwa nje, ukaachwa ukauke, kisha ukafuata moto wa tatu, karibu digrii 1,000 za selsiasi. Vingine vyote vikateketea, chuma kikabaki kimeshikamana na kioo. Mwembe ukatoka wa hudhurungi, mfano wa picha za kale. Kwa kuwa si kila wino una chuma, jaribuni kwanza kwa kigae kimoja. Na chumba cha tanuri kiwe na hewa ya kutosha, moshi usivutwe.

Binti mdogo aliuliza kama yafaa. Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, alimwelekeza mtu aliyeishi kwa kuchora achore miti na visivyo na roho. Nikaongeza jambo moja: kivaliwe kwa ukumbusho na pambo, kisitarajiwe kinga, kisije kikageuka hirizi.

Vilitoka vidani vitatu, kimoja kimefifia upande wa matawi. Mama yao akakichukua hicho kabla mabinti hawajanyoosha mikono. Wao wakatazamana, wakainamisha vichwa. Kijana akakabidhiwa picha yenyewe, aitunze kwa niaba ya wote. Ijumaa iliyofuata niliwaona wale ndugu wawili wakija darasani pamoja.

Mwenye picha ya namna hiyo na ainakili leo, kabla haijaliwa na mchwa, na kabla wanaoigombea hawajafika kwetu.

Wabillahi tawfiq.