Mgeni Apewe Jembe, Aachiwe Dhamiri Yake

Wazee walituusia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usia huo hautoi ruhusa ya kumpangia pia namna ya kumwabudu Mungu.

Tazameni yaliyotokea Plymouth, Marekani, Novemba 1621. Meli ya Fortune ilishusha watu 35, wengi wao vijana, kwenye makazi ya Wapuritani waliojitenga na Kanisa la Uingereza. Kati ya abiria 102 wa Mayflower waliotangulia, nusu hivi walikuwa wamekwisha kufa. Wageni hawakuja na chakula, na posho ya kila mtu ikakatwa nusu. Hapo mwenyeji alikuwa na haki kamili ya kudai kazi.

Ikafika Krismasi. Gavana William Bradford akawaita watu kazini kama kawaida, kwani kwa Wapuritani sikukuu hiyo haikuamriwa na Biblia. Lakini kwa wageni, huko kwao Uingereza, ilikuwa siku ya ibada, karamu na michezo. Wengi wakasema dhamiri haiwaruhusu kufanya kazi. Bradford, na hapa namsifu, akawaacha mpaka waelimishwe zaidi. Adhuhuri akawakuta njiani wakirusha mtaimbo na kucheza mpira. Akawanyang'anya vifaa, akisema dhamiri yake nayo haimruhusu kuwaacha wacheze huku wenzao wakitoka jasho. Anayeitukuza siku hiyo aitukuze nyumbani.

Lilikuwa jibu kali, lakini nyumbani mtu alibaki huru. Uhuru huo ndio jirani zao, Wapuritani wa koloni la Massachusetts, waliokuja kuufuta. Mwaka 1656 Mary Fisher na Ann Austin, wanawake wa dhehebu la Kikristo la Wakweka, walifungwa mara walipofika Boston. Vitabu vyao vikachomwa, na dirisha lao likazibwa wasiseme na mtu. Mwaka 1659 ikatungwa faini ya shilingi 5 kwa kuadhimisha Krismasi, nayo ikadumu hadi 1681. Na watungaji walikuwa watu walioikimbia Uingereza kwa kubanwa katika ibada!

Ndugu zangu, mwonyesheni mgeni kazi ya wote na mmweleze sababu yake. Akiikataa, mkemeeni. Sala yake msiiguse.

Wapo wanaohofu kwamba mji usio na ibada moja utasambaratika. Roger Williams, aliyefukuzwa na Massachusetts, alianzisha Providence mwaka 1636 katika ardhi aliyopewa na wakuu wa Wanarragansett, wenyeji wa asili wa huko. Wakazi waliahidiana kutii maamuzi ya wengi katika mambo ya kiraia tu. Leo Providence ni makao makuu ya jimbo la Rhode Island.