Imani ya Binti Haianzi Siku ya Kufa

Wako watu wasemao ya kuwa binti hukua kiroho kanisani tu, nazo kazi za nyumbani ni mambo ya dunia. Sisi twakataa. Na tumtazame Anuarite Nengapeta, mtawa wa Kongo, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, umri wake miaka 24, kwa kuwa alikataa kuvunja nadhiri yake kwa amri ya afisa wa waasi. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri.

Wengi humsifu kwa saa ile moja. Je, moyo wa kumsamehe muuaji hupatikana kwa saa moja? Hasha! Kwanza alifundisha watoto, akapika, akasali, kila siku. Mti hauoti mizizi siku ya tufani.

Basi, enyi wazazi, mwataka binti zenu wawe imara, nanyi mwawatwisha kazi zote za nyumbani, ndugu zao wakikaa na vitabu? Kazi na sala ni miguu miwili. Mkimnyima binti nafasi ya kusoma na kusali, mmemkata mguu mmoja, msimlaumu akianguka.