Mzee Amesahau Njia, Wimbo Hajausahau

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba: mzee wako aliyekimbilia Butembo kwa sababu ya mauaji yaliyoanza Beni mwaka 2014 anauliza kila usiku njia ya kurudi shambani. Hakurogwa, wala si mchawi, hata majirani wakisema. Ni ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Usimkemee. Nyimbo za ujana hukawia kufutika: aliyekuwa kijana mwaka 1960 pengine angali na "Indépendance Cha Cha" ya Grand Kallé kichwani, au wimbo wa kulima wa Kinande. Mwimbie polepole jioni, saa anapoanza kuhangaika. Redio ya makelele itamtisha, hasa aliyesikia risasi. Wimbo hauponyi, unamtuliza, nawe unapata usingizi kabla ya zamu ya asubuhi.